Kaskazi samaki tunao, kusi wavuvi wanarudi kwa tajiri. Wenzetu mnafanyaje?

Mama wa Mayungu anauliza:

Assalam alaykum, na hamjambo wenzangu wote wa bara na pwani.

Mimi ni mama karanga wa Mayungu, hapa kusini ya Malindi. Huu ni mwaka wa 14 nakaanga samaki. Kwa asiyetujua, mama karanga ndiye anayesubiri vyombo ufuoni, akanunua samaki wadogo, akawaparuza magamba, akawatia chumvi, ndimu na bizari, akawakaanga na kuwauza jioni mtaani. Mwenye shilingi 50 hapati kukosa kipande. Mwenye 200 anaondoka na tafi mzima na pilipili ya kukamulia juu. Nyumba nyingi za kwetu samaki wanaomla ni huyo wetu, hawana mwingine.

Swali langu ni la kusi, ule msimu wa bahari kuchafuka, lakini nisipolieleza tangu mwanzo mtanijibu nusu nusu, kwa hivyo nivumilieni.

Vyombo vyetu vinafika saa tano, saa sita, kutegemea maji. Tajiri, yaani mnunuzi anayewakopesha wavuvi, ana kijana wake pale na mizani ya kutundika kwenye tawi la mkungu. Samaki wakishushwa, tewa, kole kole na changu wa ukubwa wa sahani wanaingia kwenye sanduku la barafu, ni wa mahoteli ya Malindi na Watamu. Sisi tunakaa na ndoo zetu mpaka amalize kuchagua. Kilichobaki ndicho chetu: tafi, pono wadogo, mkundaji. Mvuvi hana usemi, maana nyavu ni za tajiri, mashine ni ya tajiri, petroli ameikopa kwa tajiri. Analipwa 220 kwa kilo. Hoteli inalipa 500. Na sisi wale wadogo tunauziwa 300, samaki ambao hoteli haiwataki.

Hayo tulikuwa tumeyazoea. Kilichotuamsha ni pakiti ya unga. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na mbili, nilipita ufuoni nikitoka dukani na unga wa kilo mbili, pakiti haijafunguliwa. Sikuwa nimepanga chochote. Nilimwona yule kijana anapima samaki wa ngalawa moja, nikaona mshale haupandi kama unavyostahili. Nikamwambia, mwanangu, hebu nitundikie na huu. Akatundika. Mshale ukasimama kilo moja na robotatu. Akasema, "Bi, mizani imeingia chumvi." Tukautundika tena, kilo moja na robotatu. Nahodha wa ile ngalawa hakusema neno. Alichutama akawa anaandika mchangani kwa kidole, na mimi nikichungulia nikaona hesabu yake: kila kilo 40 anazoleta, tano zinapotea. Tano mara 220, shilingi 1,100. Kwa siku moja. Mawimbi yalikuja yakafuta yeye bado ameshika goti.

Jioni ile tulikutana wanawake 18. Tulikuwa na chama cha mzunguko tayari, 200 kwa wiki. Tukachanga kwa miezi miwili, tukanunua mizani yetu, tukaipeleka kwa watu wa vipimo ikakaguliwa na kupigwa muhuri, kisha tukapata friza la mitumba ambalo mpaka leo linavuma usiku kucha kwangu sebuleni. Tukaafikiana na ngalawa tatu: tunanunua samaki wote, wakubwa kwa wadogo, kwa 270 kilo. Kitoweo cha mabaharia kinatoka kabla samaki hawajaguswa na mizani, kama ilivyokuwa zamani. Wakubwa tunawauza wenyewe kwa mikahawa miwili ya mjini, na faida yao ndiyo inayotuwezesha kuwashusha bei wadogo. Kila Ijumaa tunatoa sahani kumi za wazee wasio na mtu. Hilo lilikuwa shauri la mwenzetu mmoja ambaye mamake alifariki akiwa anakula ugali kwa chumvi, na hatukulijadili mara mbili.

Kuanzia Novemba iliyofuata hadi Machi, majira ya kaskazi, mambo yalikwenda, alhamdulillahi. Mvuvi anafurahi, sisi tunafurahi, mtu wa mtaa anakula samaki wa kutosha.

Halafu likaja kusi.

Mwezi wa tano bahari ilichafuka, mlango wa mwamba haupitiki, ngalawa zikalala juu ya mchanga wiki nzima wakati mwingine. Mvuvi mmoja mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa karo. Akaja kwangu saa tatu usiku. Sanduku la chama lilikuwa na 6,400. Nilimpa 2,000 kwa idhini ya wenzangu. Alihitaji 9,000. Usiku ule ule tajiri alimpa 15,000, bila karatasi, bila riba ya kutajwa. Kesho yake samaki wake walikuwa wa tajiri. Kufikia mwezi wa saba ngalawa zote tatu zilikuwa zimerudi, na mizani yetu iliyopigwa muhuri ikawa inaning'inia jikoni kwangu.

Mimi simlaumu yule mvuvi. Mkewe ni jirani yangu, tunachota maji kisima kimoja, namjua mtoto mwenyewe. Lakini nimekaa nikifikiri mpaka nimeelewa kitu: tajiri hatushindi kwa bei. Bei yetu ni nzuri kuliko yake kila siku ya Mungu. Anatushinda kwa miezi minne. Anamnunua mvuvi mwezi wa sita, anamla mwezi wa kwanza.

Sasa nauliza. Vikundi vingine vya Malindi, Watamu, Ngomeni, hata Lamu, kusi mnalivukaje? Tulijaribu kukausha samaki kilo 60 mwezi wa pili ili tuuze kusi, tukawaweka kwenye magunia, mwezi wa sita nikifungua wamejaa mabuu. Nililia. Na wakulima wa huku nyuma yetu, Ganda, Kakuyuni, Jilore, nyinyi hali yenu ikoje? Maana sisi mboga tunayokula pwani imepita mikono mitatu kabla ya kutufikia.

Mkulima wa Kakuyuni anajibu:

Dada, nimesoma nikamwita mke wangu naye akasoma. Hilo la kununuliwa mwezi wa sita na kuliwa mwezi wa kwanza, kwetu linaitwa kuuza maua.

Mwembe ukitoa maua tu, broka anafika. Anatembea shambani, anatazama juu, anataja bei ya mti mzima, na wewe una mtoto wa shule na ghala liko tupu. Mimi mwaka 2019 niliuza miti 11 ya boribo na ngowe, kila mti 1,500. Kuanzia siku hiyo maembe si yako, ila kazi ya kuyalinda ni yako. Nyani akija, unamfukuza wewe. Mwanangu wa miaka sita aliokota moja lililoanguka na upepo, nikamkemea alirudishe chini ya mti, maana yule broka alikuwa na desturi ya kuhesabu hata yaliyoanguka. Alilirudisha. Alilifuta vumbi kwanza kwa shati lake, kisha akaliweka chini taratibu. Dada, tangu siku ile sijauza maua tena, na nilikula kiapo sitauza.

Tulichofanya hakikuwa cha pesa, maana pesa hatukuwa nayo. Tuko nyumba saba. Mahindi yakikauka mwezi wa nane, kila nyumba inaweka magunia mawili kwenye ghala moja, kwangu, funguo tatu kwa watu watatu. Mwenye shida hakopi shilingi, anakopa debe la mahindi, anarudisha debe na kisaga mavuno yajayo. Tuligundua watu wengi walikuwa wanauza maua kwa sababu ya chakula, karo ilikuwa inasingiziwa tu. Ukishakuwa na unga nyumbani, ile karo unaipigania kwa njia nyingine.

Sasa sikiliza hesabu ya miezi. Kusi lenu ndiyo neema yetu. Mvua ya mwaka ikishuka mwezi wa nne, mwezi wa tano nina mchicha na majani ya kunde mpaka naona haya kuuza, broka anachukua fungu kwa shilingi tano na kwenu linafika 20. Mwezi wa saba kuna mahindi mabichi. Mihogo ipo. Njaa yetu sisi ni jua la kaskazi, kuanzia mwezi wa kwanza hadi masika, visima vimekauka, mboga ni mutsunga wa porini kama umebahatika. Na huo ndio wakati nyinyi mna samaki wa kukausha! Wazee wetu Wagiriama walikuwa wakishuka pwani na nafaka wakirudi na samaki na nguo.

Nakupa neno langu: mwezi wa tano tuletee ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, tutakupa mboga, mihogo na mahindi ya ghala. Mvuvi aliyekwama na kusi akipata unga na mboga kutoka kwa kikundi chenu, atakuwa na haja ndogo ya kwenda kwa tajiri usiku.

Lakini sitakuficha. Mafuriko ya mto Sabaki ya 2018 yalinifagilia mihogo yote ya bondeni. Na ule ukame ulioanza mwisho wa 2020, mvua baada ya mvua ikatukosa, ghala letu tulilifagia kwa ufagio tukapepeta vumbi. Msije mkatutegemea sisi peke yetu.

Kijana wa Barafu anajibu:

Mama, shikamoo. Mimi nafanya kazi kwa tajiri mmoja, si huyo wako. Ya mizani sitetei, huo ni wizi. Ila mjue barafu ananunua yeye kila siku, samaki wawe wapo au hawapo. Mwaka jana ngalawa ilivunjika mwambani, ikazama na mashine yake, na mvuvi hakulipa hata shilingi, hasara ilikuwa ya tajiri. Kikundi chenu chombo kikizama mtafanyaje? Nauliza kwa wema.

Mama wa Mayungu:

Marhaba mwanangu. Umeuliza swali ambalo mimi mwenyewe nalikwepa. Ngalawa ikizama leo, hatuna kitu. Tungemchangia mke unga na mafuta, basi. Ni kweli tajiri anabeba hatari ambayo sisi hatuwezi kuibeba, na ndiyo maana mvuvi anamheshimu, wala si kwa ujinga. Sitaki tena kumsema kama mtu asiye na kazi.

Ninachokataa ni kwamba akishambeba mtu mara moja, anambeba maisha. Yule aliyechukua 15,000 ameleta samaki miezi mingi sasa, na ukimwuliza deni limebaki ngapi hajui. Hakuna daftari. Deni lisilo na daftari halina mwisho. Nasi tukianza kukopesha bila daftari tutakuwa matajiri wapya wenye buibui.

Kaka wa Kakuyuni, ahsante, na mkeo nisalimie. Hilo la mtoto na embe limeniingia. Nakuja kwenu, nitakwambia siku.

Nahodha Mstaafu, Ngomeni, anajibu:

Wa alaykum salaam binti yangu. Ya pesa nawaachia wanaojua. Mimi nizungumze ya ng'onda, maana kilo 60 kuliwa na mabuu ni dhambi na inarekebishika.

Kwanza chumvi mlitia kidogo, bila shaka mlipima kwa mkono. Kwa kilo tatu za samaki tia kilo moja ya chumvi, ile ya mawe ya Gongoni, msitumie ya pakiti. Mpasue samaki kwa mgongoni, toa matumbo na mashavu yote, yaani matamvua, hasa hayo, damu ikibaki pale ndipo uozo unapoanzia. Muoshe kwa maji ya bahari. Mpange kwenye pipa, samaki, chumvi, samaki, chumvi, kisha weka ubao na jiwe juu. Mwache siku mbili maji yatoke. Wengi wanaikosa hapo, wanatoa samaki siku ile ile kwenda kuanika kwa sababu jua ni kali. Jua linakausha ngozi tu, ndani bado mbichi.

Halafu chanja, uwe wa fito, kimo cha kiuno. Usianike mchangani hata siku moja. Jioni ingiza ndani, umande wa usiku unarudisha maji uliyoyatoa mchana. Siku nne, tano. Ukimkunja asikunjike, ukimgonga alie kama ubao, huyo tayari.

Na kuhifadhi: gunia la plastiki juu ya sakafu ya saruji linatoa jasho, hasa kusi lenye unyevu. Sisi tulitia kwenye kanda la ukindu, likatundikwa darini jikoni pale moshi wa kuni unapopita. Mamangu alikuwa na kanda tatu. Fanyeni kazi hiyo mwezi wa kwanza na wa pili, jua likiwa jua. Kuni za mvinje zina moshi mzuri, na hapo Malindi zipo tele.

Jambo lingine. Zamani mgao ulikuwa fungu la chombo, fungu la nyavu, na mabaharia wakagawana kilichobaki, hata kama mwenye chombo ni sharifu. Lakini kitoweo kilitoka kwanza, hakihesabiwi, hakiuzwi. Mmefanya vyema kukirudisha. Mtu hawezi kutoka baharini mikono mitupu mkewe akamnunulia samaki.

Na mkumbuke kwamba samaki wenyewe wamepungua. Wenzetu wa Kuruwitu, huko Vipingo, walitenga hekta 30 za bahari yao mwaka 2005, wakakubaliana wenyewe hakuna kuvua humo, na samaki wakarudi mpaka nje ya mpaka. Ubishi ulikuwa mkubwa mwanzoni, nawajua waliogombana na ndugu zao. Hilo ni la wavuvi na BMU yenu, kile chama cha kusimamia ufuo, lakini mama karanga mna sauti, semeni.

Mweka Hazina, Watamu, anajibu:

Dada wa Mayungu, nimeshika daftari la kikundi chetu mwaka wa sita sasa, kwa hivyo nitazungumza daftari.

Kosa lenu halikuwa kubwa. Kaskazi mlikula faida yote. Mlishusha bei, mlilisha wazee, mlimlipa mvuvi vizuri, yote mema, ila hamkumwekea mtu wa mwezi wa sita. Sisi kila kilo ikipimwa kaskazi, shilingi 20 haziguswi. Kumi inatoka kwa mvuvi, kumi kwa kikundi. Kila mvuvi ana kadi yake, tunaandika mbele ya macho yake, naye anatia sahihi au kidole. Mfuko unafungwa mpaka mwezi wa nne. Piga hesabu ya ngalawa moja: kilo 25 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, miezi mitano, ni kilo 2,500. Mara 20 ni shilingi 50,000. Nyinyi mna ngalawa tatu. Jirani yako angekuja saa tatu usiku akakuta 9,000 zake, tena sehemu yake ni haki yake, haombi.

Mwaka wa kwanza wavuvi walinung'unika sana juu ya hizo kumi. Wawili walijitoa. Ilipofika Juni, tukawalipa wengine hadharani ufuoni, saa nne asubuhi, kwa makusudi. Mmoja wa wale wawili alirudi kabla ya Idi.

Kuhusu deni la tajiri, msijaribu kulilipa la wavuvi wote, mtakufa. Anzeni na mwenye deni dogo. Nendeni kwa tajiri na mvuvi mwenyewe na wazee wawili, mwombeni aseme kiasi, mkiandike pale pale. Tajiri wengi wakiulizwa mbele ya wazee husema kiasi cha haki. Sisi tulimkomboa mmoja kwa 12,000, akatulipa kwa samaki, 30 kwa kila kilo, na daftari lake lilifungwa kwa miezi minne. Siku lilipofungwa nilimpa alichane mwenyewe. Hakulichana, alilipeleka nyumbani.

Andikisheni kikundi rasmi, kuna sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, ili mfungue akaunti yenye sahihi tatu. Daftari lisomwe kwa sauti kila kikao hata kama hakuna jipya. Na ingieni BMU. Kanuni zake zimewapa wachuuzi na wanawake nafasi kwenye kamati, msingoje kualikwa. Kilimo na uvuvi ni kazi ya kaunti, basi kwenye vikao vya umma vya bajeti simameni mdai barafu ya karibu na ufuo. Ibara ya 43 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha kilicho bora. Mimi nikisimama huwa naisoma kwanza, ndipo natoa kadi za wavuvi. Kwetu walianza kutusikiliza walipoona zile kadi.

La chombo kuzama, kama alivyouliza yule kijana, sisi pia hatujaliweza. Tumeanza kutenga shilingi mbili kwa kilo. Bado ni kidogo.

Mama wa Mayungu:

Nimewasomea wenzangu majibu yote jana baada ya Alasiri, barazani kwangu. Tulikuwa 16, wawili wana wagonjwa.

Shilingi 20 za kusi zimepita, lakini si bila maneno. Mwenzetu mmoja alisema kumi ya mvuvi ni sawa, kumi yetu itapandisha bei ya samaki wa mtaa, na huyo anayenunua cha shilingi 50 ndiye atakayeumia. Tulizungumza mpaka Magharibi ikakaribia. Mwisho tumekata kumi yetu itoke kwenye samaki wa mikahawa tu, wa karai wasiguswe, na mfuko utajaa polepole zaidi. Yule dada wa Ijumaa ndiye aliyeshikilia hapo, na nadhani ana haki.

Nimekwenda kwa jirani yangu asubuhi kumweleza ya daftari na wazee wawili. Mumewe alinyamaza muda, kisha akaniuliza kama wazee hao anaweza kuwachagua yeye. Nikamwambia ni yeye hasa wa kuwachagua. Amesema atanijibu bamvua, yale maji makuu, ikipita. Sitamsukuma.

Ami wa Ngomeni, pipa tumepata la lita 100, lilikuwa la mafuta ya kupikia, tumelisugua kwa majivu mara tatu. Jiwe lipo. Kanda la ukindu naagiza kwa bibi mmoja wa Mambrui anayesuka.

Mwanangu wa barafu, ukipata nafasi njoo utuonyeshe jinsi ya kupanga barafu sandukuni ili isiyeyuke upesi. Chakula cha mchana kipo.

Kaka wa Kakuyuni, ni Jumanne. Natoka na tuktuk ya saa mbili asubuhi, tuko wawili. Ng'onda bado sina, nitakuletea tafi wa kukaanga wa leo leo, ili mkeo na watoto waonje tunachouza. Niwekee mchicha mafungu 40 na mihogo gunia moja, tena kwa bei yako, usiniambie ya broka. Na nionyeshe hilo ghala na kufuli zake tatu, nataka kuona zinavyofungwa.